Bi Harusi, Kabla Hujanunua Visu vya Boksi

 

Leo sizungumzii gauni, wala piko, wala udi. Nazungumzia kisu. Najua wengine mshaanza kucheka, mnasema huyu naye kaishiwa na maneno. Nisikilizeni kwanza.

Juma lililopita alikuja dukani kwangu msichana anayetarajia kuolewa, alikuja kupimwa gauni. Nikiwa namzungushia futi kiunoni, akanionesha kwenye simu orodha ya vyombo anavyotaka kuingia navyo nyumbani kwake. Sufuria, chupa za chai, sahani, mabakuli ya udongo, na seti ya visu saba vya boksi vyenye mipini ya rangi ya waridi. Akaniuliza, "Dada, visu hivi vinatosha au niongeze seti nyengine?"

Nilinyamaza kidogo. Nilikumbuka mbuzi, na nilikumbuka mkono wa ami yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, hivyo saba viache. Nunua kimoja." Akanitazama kama namwonea wivu. Kwa hivyo leo naandika kwa ajili yake, na kwa kila anayejiandaa kuingia kwenye nyumba yake.

Kisu nilichokikataa

Mimi nimezaliwa kusini mwa Unguja, pwani. Mama yangu ni mkulima wa mwani. Tangu nina akili namwona na kisu kimoja tu: cheusi, kibaya wa sura, mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwa. Alifuliwa na mhunzi kutokana na kipande cha springi ya gari. Kisu hicho akikatia kamba za mwani, akiparia samaki, akimenyea muhogo, akichongea vijiti vya kufungia kamba, na jioni akikatia vitunguu. Akimaliza anakiosha kwa maji ya kisima, anakifuta kwa kipande cha kanga kilichochakaa, anakipaka tone la mafuta ya nazi, anakichomeka kwenye ala yake ya ngozi na kukitia juu ya makuti, pahala ambapo sisi watoto hatufiki.

Nilipokuwa naolewa, usiku mmoja kabla ya kuondoka kwetu, mama aliniletea kisu hicho kimefungwa kwenye kanga. Akasema, "Chukua. Mimi nitakwenda kufuliwa chengine."

Mimi wakati huo nishamaliza kidato cha nne, nishasomea ushoni, nakaa mjini, najiona. Nikamwambia, "Mama, hicho si kisu cha bi harusi. Mimi nishanunuliwa seti."

Hakukasirika. Alikifunga tena kwenye kanga yake akasema, "Haya mwanangu, Mungu akubariki na seti yako." Wazee wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sikuujua ukweli wake mpaka siku ya akika ya binti yangu.

Siku ya akika

Binti yangu alipotimiza siku saba tulikusudia kumchinjia mbuzi mmoja, kama ilivyo sunna kwa mtoto wa kike. Ami yangu, ndugu wa baba, ndiye mchinjaji wetu katika ukoo. Ana kisu chake, anakitunza kama mtu anavyotunza saa ya mkononi. Usiku wake alinipigia simu kuniuliza kama aje nacho. Nikamwambia, "Ami, usihangaike na kisu kwenye daladala. Hapa vipo vipya, vikali, hata havijatumika."

Na kweli vilikuwa vikali. Kisu kipya cha kiwandani kinaweza kukata karatasi siku ya kwanza. Ami alikijaribu kwenye ukucha akaridhika. Mbuzi akalazwa, akaelekezwa kibla, ami akapiga bismillahi, Allahu akbar. Alipoanza kukata tu, mpini ukapasuka. Ulikuwa wa plastiki, ndani yake msuka wa chuma mwembamba kama msumari, urefu wake haufiki hata nusu ya kiganja. Ubapa ukageuka mkononi mwake.

Ami hakuinua mkono. Alishika chuma kitupu akaendelea hapo hapo mpaka akamaliza. Nyama ilikuwa halali, yeye mwenyewe alitutoa wasiwasi. Lakini yule mnyama alitaabika zaidi ya ilivyostahiki, sote tuliona. Na damu iliyokuwa inatiririka kwenye mkono wa ami haikuwa ya mbuzi peke yake. Alishonwa nyuzi sita, na mpaka leo kidole chake kidogo hakikunji sawasawa.

Aliporudi hospitali nilikuwa nalia. Hakunigombeza. Alinikumbusha tu kwamba Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ametufundisha wema katika kila jambo, na katika kuchinja wema huo ni mtu kunoa kisu chake na kumpumzisha mnyama wake. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim, ameipokea Shaddad bin Aws. Nilikuwa naijua tangu madrasa. Siku ile ndiyo niliyoielewa.

Mama yangu alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamlea mjukuu wake. Hakusema hata neno moja kuhusu visu, na kimya chake ndicho kilichoniuma zaidi.

Tulivyokwenda kununua

Mwezi wa pili yake nilimwomba mama anifuate Darajani. Nilitaka kisu kimoja kisichokunjika, cha bei ambayo mke wa mtu wa kawaida anaweza kuitoa, cha kutumia jikoni, shamba, pwani na kwenye kazi zangu za kupamba kumbi. Tulizunguka asubuhi nzima. Mama alikuwa akishika kisu, anakigeuza, anakigonga, anakirudisha. Haya ndiyo niliyojifunza kwake siku ile, na mengine nimejiongezea kwa miaka ya kutumia.

1. Angalia msuka kwanza, usiangalie rangi. Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kisu madhubuti chuma chake kinapita mpaka mwisho wa mpini, ukikitazama kwa pembeni unakiona kimebanwa katikati ya vipande viwili vya mti au plastiki, na vimepigwa ribiti mbili au tatu. Hicho mpini ukipasuka bado una chuma cha kushika, na unaweza kukitilia mpini mwengine. Kile chenye msuka mfupi uliofichwa usikiamini kwa kazi ya nguvu mpaka umjue aliyekitengeneza.

2. Kigonge na ukitikise. Gonga mpini kwenye kiganja huku umeshika upande butu wa chuma. Ukisikia kinalia ndani au kinacheza, rudisha. Kisu kinachocheza dukani, nyumbani kitang'oka.

3. Chagua chuma kwa kazi yako. Kuna vya aina mbili kubwa. Cha kaboni, kama cha mama yangu, kinanoleka upesi na kinashika makali vizuri, lakini ukikiacha na maji ya chumvi au ndimu usiku mmoja asubuhi unakikuta na kutu. Cha stenlesi kinavumilia chumvi na uvivu wetu, ila vile vya bei ya chini kabisa chuma chake ni laini, makali yanakufa haraka. Sisi tunaoishi visiwani, hewa yenyewe ina chumvi. Kama unajijua hukifuti kisu, chukua stenlesi ya bei ya kati. Kama una mkono wa kutunza, cha kaboni kitakufurahisha.

4. Usidanganywe na sumaku. Muuzaji mmoja alitwambia kisu kinachonasa sumaku ni kibovu, kitashika kutu tu. Si hivyo. Chuma cha kisu lazima kiwe cha kuweza kukomazwa kwa moto, na vyuma vingi vya namna hiyo, hata stenlesi ya visu, hunasa sumaku. Kijiko kisichonasa ni jambo jengine, kijiko hakihitaji makali.

5. Urefu na unene. Kwa kazi za kila siku za nje na za nyumbani, ubapa wa sentimita 10 hadi 12 unatosha, unene wa milimita 2 hadi 3. Kirefu kupita hapo kinakuwa kizito kwa mkono wetu, na chembamba sana kinapinda ukitia nguvu kidogo kwenye dafu au mua. Lakini kwa kuchinja mbuzi hicho hakitoshi. Ami anasema ubapa wa kuchinjia ukaribie mara mbili ya upana wa shingo ya mnyama, ili ukate kwa mwendo mmoja bila kusokota. Kuku unaweza, mbuzi mwachie mwenye kisu chake.

6. Epuka meno. Visu vyenye makali ya meno vinaonekana vikali kwa sababu vinapasua kama msumeno. Kwa mkate ni sawa. Kwa samaki vinachana nyama, kwa kamba vinakwama, na vikishakuwa butu nyumbani ni vigumu kuvinoa. Na kwa kuchinjia usivifikirie.

7. Mpini ukujae mkononi ukiwa umerowa. Mimi huomba maji kidogo nikalowesha kiganja ndipo nikashika. Wauzaji wananicheka. Lakini mikono yetu jikoni na pwani haiwi mikavu hata siku moja, ina mafuta, ina utumbo wa samaki. Kisu kinachoteleza ndicho kinachokata vidole.

8. Kiwe na ala. Kisu cha kutembea nacho bila ala ni balaa ndani ya mkoba. Ala ya ngozi ni nzuri, lakini ngozi hunywa maji, usimhifadhi ndani yake kisu kilichorowa. Ya plastiki ngumu yenye tundu chini inatoa maji na kuosheka.

Tulipata cha mpini wa mti, msuka mpaka mwisho, ribiti tatu, kwa shilingi 12,000, na kinoo kwa shilingi 4,000. Seti yangu ya boksi ilinunuliwa kwa 45,000. Fanyeni hesabu wenyewe.

Kanuni nayo ina mlango wake

Miaka mitatu nyuma wifi yangu anayeishi Uswidi aliniletea zawadi ya kisu cha kule, kutoka mji wa Mora, ambako wanafua visu tangu zamani. Huko watu wa misituni, mafundi na wavuvi wanavitumia, na bei yake kwao ni ya chini. Mpini ni wa plastiki na mpira, ala ya plastiki, ubapa wa sentimita 10 hivi. Na msuka wake haufiki mwisho wa mpini! Nilikiogopa. Lakini nimekichapa kazi miaka mitatu hakijacheza, kwa sababu msuka wake ni mpana, umeingia ndani sana, na mpini umemiminwa juu yake ukashikana nao.

Nawaambia haya ili mtu asije akasema dada kasema plastiki yote ni mbaya. Ubaya uko kwenye kufichaficha. Kama humjui aliyekitengeneza, nunua kile ambacho chuma chake unakiona.

Kukinoa na kukitunza

Mwalimu wetu wa ushoni alikuwa akitwambia, mkasi wa kitambaa ukikatia karatasi umeshaupoteza. Kisu nacho kina heshima yake. Usikifungulie kopo, usikitumie kama bisibisi, usikate juu ya sahani ya udongo wala kaunta ya marumaru. Ubao wa mti ndio mahala pake.

Kinoo kiweke juu ya kitambaa kibichi kisitembee. Kiloweshe. Laza kisu, kisha nyanyua mgongo wake kidogo tu, usukume taratibu kama unataka kukwangua kipande chembamba cha kile kinoo, kutoka mwanzo wa ubapa mpaka ncha. Mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, halafu tano tano, halafu moja moja kwa mkono mwepesi. Usibadilishe ule mwinamo, hapo ndipo wengi tunapokosea. Huna kinoo? Geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyong'aa inaweza kukuamshia makali mpaka upate.

Kisu kikali hukata pale unapokielekeza. Kisu butu unakilazimisha, kinateleza, kinakuja kwako. Nyuzi sita za ami zinatosha kuwa ushahidi.

Na ukimwandalia mchinjaji, kinoe usiku wake. Tumefundishwa kutomnolea mnyama kisu mbele ya macho yake. Yeye naye ana roho.

Baada ya kazi, kioshe kwa mkono, kikaushe hapo hapo, kama ni cha kaboni kipake mafuta ya nazi kidogo. Usikiache kwenye beseni la vyombo lenye povu, mtu ataingiza mkono. Ukimpa mwenzako, mgeuzie mpini. Na watoto wafundishwe mapema kwamba kisu si mchezo, si cha kumwelekezea mtu hata kwa utani. Ukisafiri kwa ndege kitie kwenye begi kubwa la kupakiwa, usije ukavunjiwa heshima kwenye ukaguzi kwa sababu ya kisu ulichosahau ndani ya pochi.

Kisu katika kazi ya mwanamke

Sasa hivi mbali na kushona nakodisha mapambo ya harusi. Asubuhi ya harusi utanikuta nakata makuti machanga ya kupamba mlango, nakata kamba za turubai, nafungua maboksi ya maua, nakata utepe, na mchana nimekaa chini nawamenyea maembe wasaidizi wangu. Kisu kimoja. Zamani nilikuwa nangoja kijana apite nimwombe anikatie kamba. Siku moja kijana alichelewa, turubai likavimba upepo, nguzo ikaanguka hatua mbili kutoka kwa bibi mzaa bi harusi. Alhamdulillah haikumgusa. Tangu hapo singoji.

Kuna dada atasema, kisu cha kutembea nacho ni mambo ya wanaume. Mbona tumesoma kwamba zama za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kulikuwa na kijakazi mchungaji aliyeona kondoo anakufa, akavunja jiwe akamchinja kwa makali yake? Mtume alipoulizwa, akawaruhusu kumla. Imo katika Bukhari. Yule hakuwa na kisu, lakini alijua la kufanya. Sisi tuna Darajani nzima tunashindwa?

Bi harusi wangu, sikukatazi vitu vizuri. Nunua sahani zako za maua, nunua mapazia. Nyumba ipendeze, mume afurahi, na wewe ufurahi. Ila kwenye visu, pesa ya vile saba itie kwenye kimoja na kinoo chake, na kinachobaki mpe mama yako akanunue kanga.

Mwaka jana nilikwenda shamba kumtazama mama. Bado anakwenda pwani maji yakitoka, na kile kisu cheusi bado anacho. Ubapa umekonda kwa kunolewa, umekuwa kama jani. Nikamwambia, "Mama, nipe sasa hicho kisu, wewe nitakununulia kipya."

Akanitazama, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akasema, "Hiki si kisu cha bi harusi."

Akakichomeka tena juu ya makuti. Nimerudi mjini bila ya kisu, na nilistahiki.

Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, awahifadhi mama zetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na amponye ami yangu mkono wake. Amin.

Wassalaam alaykum.